Mkono unaganda nikibadili kodi kwenye banjo

SWALI: Habari fundi, najifunza banjo ya nyuzi 5, huu mwezi wa 7 sasa. Mzunguko wa vidole vya kulia nauweza vizuri tu ila nikifika pa kubadili kodi (zile noti kadhaa za kwenda pamoja) mkono wa kushoto unaganda, nasita kidogo afu nakosa noti au naparamia uzi wa jirani. Nikikosea narudi mwanzo, wimbo hauishi! Au vidole vyangu ndo vizito? – Vidole Mbao

JIBU: Vidole havina kosa ndugu yangu, kinachokumaliza ni huko kurudi mwanzo, yani kila siku unaufundisha mkono kwamba ukifika pale unasimama na wenyewe umeshika somo vizuri kabisa. Kwahiyo usisimame tena. Mkono wa kulia ndo dereva, kushoto ukichelewa uache uchelewe, noti ikifa imekufa, we endelea gumba, shahada, kati.

Afu usirudie wimbo mzima. Chukua noti 4 kabla ya kodi kubadilika na moja baada yake, hizo tu, metronomu (kile kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye 60 kwa dakika. Mfano umetyuni G ya kawaida, yani nyuzi zikiachwa wazi zinatoa kodi ya G, na unatoka kodi ya C kwenda D7: kidole cha shahada kwenye zote mbili kipo uzi wa 2 freti ya 1 (freti ni vile vijiti vya chuma shingoni), sasa unakinyanyua cha nini? Kiache hapohapo. Cha kati kihamie uzi wa 3 kutoka wa 4, freti ileile ya 2, cha pete unakiachia, basi. Wengi wananyanyua mkono wote hewani kama wanafukuza nzi afu wanashangaa wamechelewa.

Kuparamia uzi wa jirani mara nyingi ni piki (kile kikucha cha kupigia unachovaa kidoleni) kuzama sana, iguse kwa ncha tu, na kidole cha pete au cha mwisho kiegemee kwenye ngozi ya banjo ili mkono usielee. Jaribu hii: laza mkono wa kushoto juu ya nyuzi zote zizibe, piga kulia peke yake dakika 2. Hakuna noti ya kukosea hapo so uoga unaisha, unabaki kusikia tk tk tk, na pale biti inapoyumba ndo penye shida. Cheki na mabega, mi nilikuwa nabana pumzi kila kodi ikikaribia na sikuwa hata najua.

Piki za chuma nazo zikilegea zinageuka kidoleni, zibane kidogo, ila sio mpaka ncha ya kidole ife ganzi.