Maswali na Majibu: Kutoka Dodoma Kwenda Uwanjani

Barua nyingi safari hii zinahusu Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Zile zinazouliza tarehe za mechi nimeziweka kando, kwa sababu ratiba hutolewa na Bodi ya Ligi na hubadilika hata baada ya kutangazwa.

*Je, naweza kwenda Dar asubuhi kwa treni ya SGR, nikatazama mechi ya usiku na kurudi siku hiyo hiyo? (Msomaji wa Nkuhungu)*

Kwenda unaweza, lakini kurudi usiku huo huo usikupange. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria hadi Dodoma mwezi Julai 2024, safari kwa treni ya haraka huchukua chini ya saa nne, na stesheni ya Dar es Salaam iko katikati ya jiji, karibu zaidi na Temeke, uliko uwanja, kuliko Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, ambako basi lingekushusha ukaanze safari nyingine ya foleni. Tatizo ni kwamba mechi inayoanza saa 1:00 usiku humalizika karibu na saa 3:00, na baada ya hapo kuna msongamano wa kutoka getini na bodaboda zinazotaja bei kwa kukutazama jezi. Tafuta mahali pa kulala. Ukiwa na ndugu Dar, mpigie simu siku mbili kabla, wala usimwibukie saa tano usiku ukiwa na wenzako watatu ambao hawajala.

*Tiketi za Mkapa zinauzwa getini? (Makole)*

Hapana. Unahitaji kadi ya N-Card, tiketi unailipia kabla, na kadi ndiyo inayofungua geti. Swali hili nimelijibu mara nyingi kiasi kwamba naanza kuamini watu huliuliza wakiwa tayari wamesimama getini, mkononi wakiwa na kadi waliyouziwa na mlanguzi.

*Kuna tofauti gani kati ya mzunguko, machungwa na VIP? (Kizota)*

Bei na pembe ya kutazamia. Mzunguko ndiyo nafuu, na ndiko kwenye ngoma na kelele. Mwenye kutaka kuusoma mchezo kwa utulivu aongeze fedha.

*Mwanangu ana miaka sita na anataka kuiona Simba na Yanga. Nimpeleke? (Mama wa Kongwa)*

Mama, kwa mechi hiyo, nakushauri usimpeleke. Wengi hudhani hatari ya uwanjani ni ugomvi wa mashabiki, kumbe hatari kubwa ni mlango. Tarehe 21 Machi 2021, watu waliokwenda kumuaga Rais Magufuli katika Uwanja wa Uhuru, ulio jirani na Mkapa, walikanyagana, na Jeshi la Polisi lilitangaza vifo vya watu 45. Hapakuwa na mchezo wala ushindani siku ile. Palikuwa na umati uliotaka kupita mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mei 2023, katika fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Yanga na USM Alger, shabiki mmoja alifariki kwa msongamano pale Mkapa. Uwanja unachukua watu 60,000, lakini hakuna geti linalopitisha watu 60,000, na mtoto wa miaka sita kichwa chake kiko usawa wa viuno vya watu wazima, mahali ambapo hakuna hewa wala anayemwona. Mpeleke kwenye mechi ndogo ya mchana, ingieni saa mbili kabla ya mpira kuanza, na mwisho wa mchezo mbaki mmekaa hadi ngazi zipungue watu. Namba yako ya simu iandike kwenye karatasi na uitie mfukoni mwake.

Na ninyi vijana mnaojisifu kwamba huingia kwa kusukuma, mnaowasukuma ni watu kama mtoto huyu.

*Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma hakuna cha kuona. Nielekeze viwanja vya maana vya kutembelea Dar. (Area C)*

Viwanja vipo: Mkapa uliofunguliwa mwaka 2007, Uhuru jirani yake, Azam Complex kule Chamazi na KMC Complex pale Mwenge. Sasa nami nikuulize, Jamhuri uliingia lini mara ya mwisho, na ulivaa jezi ya nani? Dodoma Jiji ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020, na tangu hapo nimeona utaratibu ule ule: wakija Simba au Yanga jukwaa linajaa, na nusu ya waliojaa ni wakazi wa hapa hapa wanaowazomea Dodoma Jiji, Walima Zabibu wetu; akija mgeni mwingine, unasikia kocha anavyomfokea beki wake, na muuza karanga anamaliza jukwaa zima bila kumpisha mtu. Kisha watu hao hao wanalalamika kwamba makao makuu ya nchi hayana uwanja wa hadhi. Tangu Moroko ituahidi uwanja mkubwa mwaka 2016, mazungumzo hayo hayajakoma, na mimi pia nautaka. Lakini uwanja mpya usio na watazamaji wiki kwa wiki utabaki kuwa wa sherehe, na kwa sherehe Jamhuri inatosha, kwani hapo ndipo Rais Magufuli alipoapishwa Novemba 2020. Nenda Chamazi, ukirudi upite Jamhuri siku isiyo ya Simba wala Yanga.

*Namfua ya Singida ilihamia wapi? (Manyoni)*

Haikuhama. Uwanja huo ndio Liti ya leo.

*Nafundisha sekondari na nataka wanafunzi wauone Mkapa siku isiyo na mechi. (Mpwapwa)*

Mkapa ni mali ya serikali, kwa hiyo mkuu wa shule auandikie barua uongozi wa uwanja mapema, akitaja idadi ya wanafunzi na walimu, na msisafiri kabla ya kupata jibu la maandishi. Mkifika, msiishie kupiga picha golini. Waonyeshe njia ya kukimbilia inayozunguka nyasi, uwaambie kwamba bingwa wa dunia wa marathoni wa mwaka 2025, Alphonce Simbu, ni mtoto wa Singida, mkoa jirani na wetu, huku shule zetu nyingi zikiwa hazina hata mita 400 zilizopimwa kwa chokaa.

*Mechi ikiahirishwa nami nimeshafika Dar? (Ipagala)*

Hutokea. Tarehe 8 Machi 2025 mechi ya Simba na Yanga iliahirishwa siku yenyewe, ikaja kuchezwa tarehe 25 Juni. Tunza kadi na ujumbe wa malipo, usubiri tangazo la waandaaji kuhusu tiketi, na nauli ya kurudi isitoke kwenye fedha ya kubeti.