Papa kuondoka akipiga mkia haina maana amepona

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi napeleka watalii kuvua hapa Watamu, uvuvi wa mchezo tu. Papa wote tunawaachia, tunampiga tagi (kialama cha plastiki chenye namba), mteja anapiga picha, basi. Sasa watu wa uvuvi wanataka tuandike kila papa tuliyemnasa hata kama tumemwachia. Ya nini, na samaki hatujamuua?

JIBU: Marahaba kaka. Nani kakwambia hujamuua? Hili naletewa kila msimu, "kapiga mkia kazama, mzima kabisa", na ndiyo imani inayonichosha kuliko zote. Papa akivutana na rili, ile roda ya mshipi, nusu saa au saa nzima damu yake inajaa asidi, na anaweza kuondoka ubavuni mwa boti akionekana ana nguvu halafu akafia huko chini baada ya masaa au hata siku. Tumejuaje? Tagi za setilaiti. Zile zinarekodi kina, sasa kwenye grafu unamwona papa anapanda anashuka, anapanda anashuka, halafu mstari unateremka moja kwa moja mpaka chini na kubaki umelala pale, hautikisiki, mpaka tagi ijifyatue ipande juu na kutuma habari. Tagi yako ya plastiki haikwambii hayo. Inasema kitu pale tu mtu akimvua tena papa huyohuyo na kurudisha namba, na nyingi hazirudi kabisa.

Na papa si wote sawa. Wako wagumu, lakini pingusi, huyu wa kichwa cha nyundo, anapigana mpaka anaishiwa. Tangu 2019 aina mbili za pingusi ziko daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka kwenye orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa viumbe, na jike mwenye mimba akinaswa anaweza kutoa watoto palepale kabla ya wakati.

Halafu kuna hawa mafundi wa mitandaoni wanaofundisha watu "mbinu", eti mpandishe kwenye deki mtie mpira wa maji mdomoni, dakika chache za selfi hazina neno, eti ndoana itaoza yenyewe. Uongo mtupu! Papa hana mbavu za kukinga tumbo, majini anabebwa na maji, ukimlaza kwenye deki uzito wake wote unakandamiza ini na matumbo. Na ndoana ya stenlesi haiozi leo wala kesho. Mwache majini, matamvua yazame, kata waya karibu na ndoana kadiri unavyoweza, picha mteja apige akiwa juu ya boti. Tumia ndoana za duara, zinashika pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa. Florida kule Marekani tangu 2019 ni marufuku kumtoa majini papa wa aina iliyokatazwa, uwe ufukweni au kwenye boti. Huku kwetu nako, IOTC, tume ya jodari ya Bahari ya Hindi ambayo Kenya na Tanzania zimo, inataka yule papa mwenye mkia mrefu karibu sawa na mwili wake aachiwe hai, na imewataja wavuvi wa mchezo waziwazi, mpaka vifaa vya kumwachilia muwe navyo botini.

Sasa kuandika. Wale wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufukwe, wanahesabu samaki aliyeshushwa bandarini. Papa uliyemwachia hapiti kwao, kwa hiyo akifia chini hakuna daftari linalomjua, na siku ya kupanga nani avue nini nyinyi wa mchezo mnasomeka sifuri, lawama zote zinamwangukia mvuvi wa nyavu. Andika aina yake (kama huna hakika piga picha ya kichwa na mapezi), urefu wa kukadiria, saa aliyonasa na saa aliyoachiwa, ndoana ilishika wapi, aliondokaje. Aliyevuja damu kwenye matamvua mwandike hivyohivyo, usimpambe. Na safari ambayo hamkupata papa hata mmoja nayo iandikeni, bila hiyo sisi hatuwezi kujua kama papa wamepungua au ni nyinyi ndio hamkutoka.