Nenda na shaka yako

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza: "Mama, nikienda kwa mwanasaikolojia huku moyoni siamini kama hofu yangu ya watu inatibika, si nitatupa hela bure?"

Sitakubembeleza. Matarajio yana mchango wake. Mwaka 1972 Borkovec na Nau, watafiti wa Marekani, walitunga maswali machache ya kumuuliza mtu akishaelezwa tiba: unaiona ina mantiki? Ungemshauri rafiki yako aende? Mwaka 1997 watafiti wengine, Safren, Heimberg na mwenzao, wakayaangalia matarajio hayo kwa watu wenye hofu kama yako waliotibiwa katika vikundi, wakaona waliotarajia mema walielekea kupata nafuu zaidi. Lakini walielekea tu. Matarajio hayaamui yote, na katika miaka yangu ya unasihi niliona anayetarajia kidogo mara nyingi ndiye aliyekuwa ameteseka muda mrefu zaidi kabla ya kuja. Kwa hiyo usijione mkaidi.

Walionipa kazi zaidi ni walioamini kupita kiasi. Mtu anakuja akitegemea nimwondolee hofu yeye akiwa amekaa kitini. Nikimpa zoezi la kufanya mtaani, wiki inayofuata haonekani.

Wewe uliniambia unapitilizwa kituo kwa kuogopa kusema "shusha", ndiyo maana siku hizi unasimama mlangoni ili konda akuone mwenyewe. Huko kusimama mlangoni kunakutuliza siku hiyo, ila kunaitunza hofu: hujawahi kujua kingetokea nini ungepaza sauti. Mtaalamu atakwambia ukae kiti cha nyuma. Kabla ya kupanda, uandike unachotarajia, mathalani "wote watageuka wanicheke". Kisha useme "shusha", utazame wangapi wamegeuka. Zoezi hilo halihitaji uamini kitu. Linahitaji ulifanye, tena si mara moja, na usiwe umevaa visikilizio masikioni (nakujua).

Unachopaswa kuwa nacho mapema ni kuelewa kwa nini unaambiwa ufanye hivyo. Siku ya kwanza kabisa mwulize swali hilihili uliloniuliza mimi, bila kulipunguza makali. Mtaalamu mzuri atafurahi, maana shaka iliyosemwa ataifanyia kazi. Iliyofichwa itakufanya uache katikati. Akikasirika, tafuta mwingine. Hela ya kumwona huyo wa pili nitatuma mimi.

Mama yako