Barua yenye muhuri si kibali: kwa mnaoanza uzamili mkiwa zamu

Juzi asubuhi, tukiwa tumemaliza kukabidhiana zamu, mdogo wangu mmoja wa wodini alinionyesha bahasha huku akitabasamu. Madodoso 40 ya utafiti wake, yote yamejazwa. Nikamwuliza namba ya kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. "Hiyo naomba wiki ijayo, dada. Nilitaka kwanza niwahi."

Nilikaa kitini, na haukuwa uchovu wa usiku.

Basi nawaandikia nyinyi mnaoanza uzamili huku mnashika zamu: wauguzi, wafamasia, maafisa ustawi wa jamii, wote. Nawapenda, ila mnanichosha.

1. "Utasoma kwa muda wako" imewaponza wengi. Chukua mfumo wa Uingereza: uzamili kamili ni krediti 180, na krediti moja huhesabiwa saa 10 za kusoma. Moduli ya krediti 20 ni saa 200. Zigawe kwa wiki 12, unapata karibu saa 17 kila wiki. Sasa fungua rosta yako unionyeshe hizo saa 17 zimejificha wapi. Kama huzioni, beba moduli moja badala ya mbili. Cheti cha uzamili ni krediti 60, stashahada 120, na kozi nyingi zinakuruhusu kutoka na kimojawapo mambo yakibana. Sio aibu. Aibu ni kusinzia kwenye kigari cha dawa.

2. Weka Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo, siku ya kwanza, si usiku wa kuamkia kukusanya kazi.

3. Andika swali lako kwa PICO (mgonjwa, afua, ulinganisho, matokeo) kabla hujaigusa PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba.

4. Hapa naomba mtulie, maana bahasha ya yule binti niliwahi kuibeba mimi.

Nilikuwa inchaji wa wodi. Tasnifu yangu ilihusu taarifa zinazopotea wakati timu moja inatoka na nyingine inaingia. Uongozi wa hospitali ulinipa barua ya ruhusa yenye muhuri, na mimi nikiona muhuri moyo hutulia. Kamati ya maadili ilikuwa bado inasoma pendekezo langu. Nikajisemea, kibali kitakuja tu, ngoja nianze kabla rosta ya mwezi ujao haijanibana.

Nikawahoji wauguzi 11 wa wodi yangu, mmoja mmoja, ofisini kwangu, wakitoka zamu ya usiku. Hakuna aliyekataa. Nikaona nina timu yenye ushirikiano wa kupigiwa mfano. Sikujiuliza ni nani atamkatalia mtu anayempangia likizo.

Wa saba alikuwa binti mdogo kwa wote. Alinisimulia kwamba mgonjwa aliwahi kuchomwa insulini mara mbili, kwa sababu dozi ya kwanza ilitajwa kwa mdomo na haikuandikwa kwenye chati. Ya pili alichoma yeye. Mgonjwa aliwahiwa, akapewa glukosi, akaenda nyumbani mzima, lakini tukio halikuandikwa popote, na binti alikuwa amelimeza peke yake miezi yote hiyo. Akalia. Nami, Mungu anisamehe, nikampa karatasi ya kufutia machozi huku nikitupia jicho simu kuona kama bado inarekodi. Nilikuwa nafurahi. Kichwani nilikuwa nimeshaitengea simulizi yake sura kwenye tasnifu.

Wiki mbili baadaye kamati ikarudisha pendekezo na maswali mawili. Washiriki watawezaje kukukatalia ilhali wewe ni mkuu wao? Na ukisikia tukio lililomdhuru mgonjwa, utafanya nini? Mimi majibu ya maswali yote mawili yalikuwa yamelala kwenye simu yangu, saa tisa za sauti.

Msimamizi wangu alinyamaza muda mrefu nilipomwambia. Kisha akasema, "Futa zote." Nilibishana naye, nikamwonyesha barua. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza ndugu wa mgonjwa: barua ya uongozi inakufungulia mlango wa jengo; kumhoji mtu ni idhini ya kamati, na kamati haikupi kibali cha jambo ulilokwisha kulifanya. Kilichoniuma zaidi ni Azimio la Helsinki, lile la maadili ya utafiti kwa binadamu, la 1964 na marekebisho yake. Linataka mshiriki anayemtegemea mtafiti aombwe ridhaa na mtu mwingine asiyehusika na uhusiano huo. Nililinukuu ukurasa wa pili wa pendekezo langu mwenyewe. Nilinukuu jina na mwaka. Kusoma sikusoma.

Kufuta kulichukua dakika moja. Kurudi kwa watu 11 kuwaambia kwamba maneno yao hayatatumika kulichukua wiki nzima. Yule wa saba aliniuliza, "Kwa hiyo nilisema bure?" Halafu akauliza swali baya zaidi: je, mimi nitasahau? Nilikuwa nimemwahidi siri, na papo hapo mimi ni mkuu wake niliyesikia tukio la dawa. Mwishowe tulijaza fomu ya tukio pamoja, yeye akitaja maneno, mimi nikiandika. Hakuadhibiwa. Ila tangu siku hiyo shikamoo yake kwangu ikawa fupi, na haki alikuwa nayo.

Nilipoteza muhula. Utafiti niliurudia kwenye kitengo ambacho sina jina kwenye rosta yake, tangazo likabandikwa ukutani, na ridhaa akachukua mtu mwingine. Walijitokeza sita. Sita waliotaka wenyewe, na wawili kati yao walijitoa katikati bila kunieleza sababu. Sikuwauliza.

5. Mzunguko wa Gibbs wa 1988, ule wa kuandika tafakari ya kazi yako, una hatua sita, na hatua ya hisia si pa kumsengenya daktari wa zamu. Ondoa majina, ondoa namba za vitanda.

6. Omba kuahirisha kabla tarehe haijapita. Baada ya hapo unaomba huruma, na huruma ina fomu ndefu zaidi. Pia usipakie kazi ukiwa umetoka usiku. Rafiki yangu wa ustawi wa jamii alipakia rosta ya mwezi badala ya insha. Mwalimu akamjibu kwamba imepangwa vizuri sana, lakini haijibu swali. Hadi leo tunamwita Rosta.

Yule wa bahasha alinuna kidogo, akauliza kama hawezi hata kubadilisha tarehe tu. Nikamsimulia hii namba nne, bila kuruka ya insulini. Akaenda mwenyewe kwenye mashine ya kuchana karatasi, akayaingiza madodoso moja moja. Yalipobaki kama kumi akageuka: naweza kumsomea barua yake ya maombi kwa kamati? Nikamwambia ailete kesho. Leo nalala.