Msikilizaji anapoishika hadithi

Swali: Jioni huwasimulia watoto wa mtaa wetu, Kadutu hapa Bukavu, hadithi ya sungura na mamba, nikiwauliza kila mara sungura afanye nini. Njia zimekuwa nyingi mno hadi ninapotea. Nifanyeje?

Jibu: Mama mheshimiwa, hesabu yenyewe ndiyo inayokulemea: uchaguzi wa njia mbili ukirudiwa mara 10 huzaa miisho 1,024. Ziache njia zitengane, kisha uzikutanishe tena, kwa mfano kwenye kivuko cha mto Ruzizi, ambako sungura hufika ama kwa hila ama kwa kuomba. Mwaka 1967, huko Montreal, filamu ya Kinoautomat kutoka Chekoslovakia iliwapa watazamaji vitufe vya kupigia kura, lakini wachague wasichague, nyumba iliungua vilevile. Kwa watoto hilo halitoshi, kwani hugundua upesi kwamba hawasikilizwi. Basi hadithi iukumbuke uchaguzi wao: sungura aliyemdanganya mamba avuke salama, lakini akirudi na ndizi mabegani amkute mamba yuleyule akimngoja, macho mawili tu juu ya maji. Augusto Boal, mwongozaji wa michezo ya kuigiza wa Brazili, alikwenda mbali zaidi, kwa kuwa mtazamaji wake aliusimamisha mchezo, akapanda jukwaani na kuigiza mwenyewe. Nawe mwachie mtoto mmoja sauti ya sungura.