Jibu: Kundi letu la kidato cha nne linavunjika kwa mabishano ya dini

Salaam mkuu. Kwa hiyo kila ikija mada ya imani, Waislamu na Wakristo wenu wanarushiana maneno, wengine wanajitoa kwenye kundi la WhatsApp. Kwanza angalia posti za dini zinazoletwa kundini: zikiwa na mishale miwili zimeshasambazwa sana, hakuziandika mwenzenu. Kwenye kundi letu sisi ndizo zilizowasha moto. Tukakubaliana admini azifute, ila mtu akisimulia yaliyomkuta mwenyewe, ugonjwa, msiba, alivyomwomba Mungu, tunamsikiliza. Ajabu, hapo hakuna anayebisha! Mchokozi mpigie simu, usimseme mbele ya wote. Na futari moja ya pamoja inasaidia kuliko kanuni zozote. Waliojitoa kwa hasira sina dawa yao. Wa kwetu alirudi mmoja tu, tena kwa ajili ya rambirambi.