Usihesabu masweta, hesabu safu

Wiki iliyopita msomaji wangu wa Mbeya aliniandikia: "Dada, mwaka huu nataka nifume masweta sita, kofia za nyumba nzima, na nishone blanketi la viraka kama lile ulilotuonyesha Krismasi. Nipangie."

Nilifurahi, maana moto huo naujua. Januari tunanunua uzi na sindano mpya, tunaandika orodha kwenye daftari, na mvua ikishatuweka ndani tunaona mwaka huu hakuna wa kutuzuia. Ikifika Machi, kikapu kina migongo mitatu ya masweta yasiyo na mikono.

Ushauri wangu ni mmoja, na nitaurudia: usiweke lengo la idadi ya vitu. Weka lengo la safu, kisha lifunge kwa mtu na kwa tarehe.

Nieleze lile blanketi lilivyopatikana, kwa sababu wengi mliuliza. Kitanda chetu ni tano kwa sita, yaani inchi 60 kwa 72. Nilitaka kila mraba ukishashonwa ubaki inchi 6, kwa hiyo nilikata inchi 6 na nusu, robo inchi kila upande ikaingia kwenye mshono. Hapo ni miraba 10 kwa 12, jumla 120, na hiyo ni ya juu ya godoro tu; ukitaka lining'inie pembeni unaongeza. Ukiiangalia 120 unakata tamaa kabla hujashika mkasi. Lakini safu moja ni miraba kumi, kazi ya jioni moja vyombo vikishaoshwa. Safu moja kwa wiki, baada ya wiki 12 uso wa blanketi umekamilika.

Vipande niliviomba kwa mafundi cherehani wa mtaani. Ukiwa na adabu na ukiwapelekea mfuko wako, wanakuwekea. Nilivifua vyote kabla ya kukata, na hili nawasihi msiliruke: kitenge cha rangi nzito kikija kuchuja ndani ya blanketi lililokwisha, hakuna dawa. Siri ya pili ni pasi. Safu ya kwanza mishono yote ilale kulia, ya pili ilale kushoto, ya tatu kulia tena. Ukiunganisha safu mbili, mshono unakaa ubavuni mwa mwenzake na pembe nne zinakutana pale pale. Kwenye blanketi langu kuna mahali kitenge cha bluu cha mkia wa tausi kinakutana na cha njano, na ukipitisha kidole huhisi kinundu. Najivunia pembe ile kuliko kitu chochote nilichowahi kushona.

Katikati niliweka blanketi jembamba kuukuu, chini shuka, kisha nikashonea tabaka zote kwa mkono. Hapo sina cha kusimulia. Ni sindano kuingia na kutoka, hadi Desemba.

Ila kuna jambo bado linaniuma. Vipande vikiwa vimetandazwa sakafuni, wifi yangu mmoja aliuliza mbele ya wageni kama sasa tumefikia kulalia viraka. Sikumjibu. Lakini wewe unayenisoma, ukiambiwa hivyo, ujue kwamba kule Gee's Bend, kijiji cha Alabama, Marekani, wanawake weusi wa mashambani walishona mablanketi kwa nguo kuukuu za kazi ili watoto wao wasipigwe na baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, kisha kwenye jumba la Whitney, New York, na mwaka 2006 yakachapwa kwenye stempu za posta za Marekani. Kwa hiyo usiruhusu mtu akuvunje moyo na kazi bado iko sakafuni. Wifi alikuja Krismasi, akalala nalo, na asubuhi akaniuliza la kwake nitaanza lini.

Sasa masweta. Sisi wa Njombe hatuhitaji kuambiwa tarehe ya mwisho, Juni inatuambia. Mwezi huo na Julai, kule Makete asubuhi unaweza kukuta barafu nyeupe juu ya majani. Sweta likikamilika Septemba limekosa kazi yake, hata liwe zuri namna gani. Basi hesabu kurudi nyuma: mgongo Januari, kifua Februari, mkono mmoja Machi, wa pili Aprili, shingo na kuunganisha Mei. Hilo ni sweta moja la mtu mzima kwa mama mwenye kazi na watoto, na ni lengo la heshima kabisa. Anayekuambia moja ni kidogo, mpe sindano akuonyeshe.

Na liwe la mtu. Unapofuma "sweta" tu, siku ya uchovu unaliacha. Unapofuma sweta la baba anayeamka alfajiri kukamua ng'ombe, hata ukiwa na usingizi unamalizia mstari. Ndugu zangu, tufume kwa ajili ya watu. Tuache kushindana na picha za kwenye simu, tuache kununua uzi kila tunapoona rangi mpya wakati kikapu kinatulilia nyumbani. Safu moja, mtu mmoja, tarehe moja.

Basi, dada wa Mbeya, nakupangia hivi. Kwanza mwaga kikapu chako chote kitandani; kisicho na mwenyewe, kifumue, uzi wake utatosha kofia za watoto. Kisha chagua mtu mmoja wa sweta na umpime kifua, urefu na mkono. Sweta la mtu mzima kwa uzi wa unene wa kati hula karibu nusu kilo, kwa hiyo nunua madonge yote siku moja, na uangalie kwenye karatasi ya kila donge namba ya rangi na namba ya mkupuo wa kutia rangi ("dye lot") zote zifanane, kwa sababu ukirudi dukani Aprili, bluu ile ile inaweza isilingane na mgongo ulioufuma Januari. Blanketi lianze baada ya Mei. Wakati huo ndipo uanze kuwazoea mafundi cherehani.